Petroli na plagi kwa pikipiki zilizoongezwa nguvu, Rusizi

Pikipiki ya mizigo ikichongwa kichwa cha silinda, mgandamizo wa injini hupanda. Hapo petroli na plagi za zamani huenda zisitoshe.

PETROLI: Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujiwakia yenyewe. Oktani kubwa peke yake haiongezi nguvu. Injini isiyobadilishwa itumie ile iliyoandikwa na kiwanda. Iliyochongwa ikigonga mlimani ikiwa na mzigo, tafuta oktani ya juu zaidi. Jihadhari na petroli ya chupa iliyochanganywa mafuta ya taa: oktani yake hushuka.

MWINUKO: Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini hugonga kidogo. Ukishuka hadi bonde la Bugarama, karibu mita 950, hewa ni nzito na pia kuna joto. Pikipiki iliyokuwa kimya Kamembe yaweza kuanza kugonga huko. Ijaribu bondeni kabla ya kupokea mzigo wa mbali.

PLAGI: Injini iliyoongezwa nguvu huhitaji plagi baridi zaidi, kwa kawaida hatua moja. Kwa NGK, namba kubwa ni baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Urefu wa nyuzi usibadilike.

Baada ya safari ifungue plagi. Kahawia: sawa. Nyeusi yenye masizi: petroli imezidi au plagi ni baridi mno. Nyeupe yenye malengelenge: joto limezidi; simamisha kazi kabla pistoni haijatoboka.