Mtoto Mizanini: Kila Waliposema ni Damu

Siku ya kliniki, Mazwi, huku Ufipa mkoani Rukwa, huamkia baridi. Akina mama wanapanga foleni, watoto wakiwa mgongoni ndani ya vitenge na masweta. Mtoto anavikwa kaptula ya mizani, ananing'inizwa, analia. Kisha analazwa kwenye ubao wa kupimia urefu. Muuguzi anaweka nukta kwenye kadi. Nukta ikiangukia chini ya mstari, hakosekani wa kusema: "Kafuata ukoo huyu. Kwetu ni wafupi."

Kauli hiyo ni nadharia. Inataja sababu, tena inafariji. Lakini kila nadharia inadaiwa ushahidi, na hii tunapaswa kuidai zaidi, maana si mara ya kwanza hapa Afrika Mashariki damu kubebeshwa mzigo usio wake.

Katika miaka ya 1950, daktari Mfaransa Marcelle Geber alifika Kampala kuchunguza watoto wenye kwashakoo. Ili apate cha kulinganisha, alipima pia watoto wenye afya, akitumia vipimo vya Mmarekani Arnold Gesell. Akakuta watoto wa Uganda wanakaza shingo, wanaketi na kusimama mapema kuliko wenzao wa Ulaya. Habari zikaenea, na wapo waliorukia hitimisho kwamba Mwafrika huzaliwa hivyo.

Miaka ya 1970, mtafiti Charles Super alikwenda kuishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, ili atazame malezi yenyewe. Watoto wa pale waliketi na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wale wa Marekani. Lakini kwenye kutambaa hawakuwatangulia. Damu gani hiyo iharakishe kuketi, kisha isahau kutambaa? Jibu lilikuwa uani. Mama alichimba kishimo kidogo, akamketisha mtoto humo na kumzungushia blanketi asianguke, siku baada ya siku. Baadaye alimshika mikono na kumfundisha hatua. Kikipsigis kina hata maneno maalumu ya mafunzo hayo. Mtoto alitangulia katika kile alichofundishwa. Wahenga waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo walikuwa na ushahidi mkononi.

Kampala ilikuwa imeshatoa somo jingine. Mwaka 1954 alifika Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuwa amefanya kazi London pamoja na John Bowlby. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye chakula. Ainsworth aliwatembelea majumbani akina mama 26 wa Kiganda na watoto wao 28, akiwa na mkalimani, kwa miezi kadhaa. Aliona mtoto akitambaa kukifuata kitu kigeni, akigeuka kumtazama mama, kisha akiendelea. Mama alikuwa ngome ambayo mtoto huondoka na kuirudia. Ziwa peke yake halikutosha kueleza hayo.

Katika kitabu chake cha mwaka 1967 aliandika mambo mawili yanayotuhusu sana. Watoto waliotulia zaidi walikuwa wa akina mama walioweza kusimulia kwa undani mambo madogo ya watoto wao. Na wingi wa walezi haukumnyima mtoto utulivu, jambo la kututia moyo sisi tuliolelewa na bibi, shangazi na dada. Hata hivyo watoto 28 ni wachache, na Ainsworth alilijua hilo: aliurudia uchunguzi wake Baltimore, Marekani, safari hii akianza na watoto wachanga tangu wiki zao za kwanza.

Sasa turudi Ufipa. Rukwa ni mojawapo ya maghala ya mahindi ya taifa. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 34. Ule wa 2022 ulikuta karibu asilimia 50, nchi ikiwa 30.

Je, ni ukoo? Kati ya 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wapatao 8,500 nchini Brazili, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, wote wakiwa wamenyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Urefu wao ulikaribiana mno, mabara mbalimbali na rangi mbalimbali. Kutoka kwao ndiko ilikotoka mistari ya ukuaji iliyotolewa mwaka 2006, ambayo mtoto wa Mazwi anapimwa kwayo. Ni kweli mtoto mmoja mmoja hurithi kimo cha wazazi wake. Lakini nusu ya watoto wa mkoa mzima kuwa chini ya mstari, hilo ukoo haulielezi.

Kinacholieleza kiko jikoni na shambani. Uji wa mahindi mtupu hushibisha bila kujenga mwili. Wala si mwili tu: kule Embu, Kenya, kuanzia 1998, wanafunzi wa shule 12 walifuatiliwa. Waliotiliwa nyama kwenye githeri, yaani kande, walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa kufikiri kuliko wenzao. Na msimu wa kilimo, mama wa Ufipa huondoka alfajiri, mtoto akabaki na mtoto mwenzake. Mama huyo hastahili lawama. Anastahili kupunguziwa mzigo, na mtoto wake kuongezewa maharage, mboga, yai, maziwa na dagaa.

Siku nyingine nukta ikianguka chini ya mstari, tuuache ukoo upumzike. Tumuulize mama kama Ainsworth alivyouliza, kwa upole na kwa kusubiri jibu: jana mtoto alikula nini, mara ngapi, na nani alishinda naye? Majibu ya maswali hayo yanaweza kubadilishwa. Damu haibadilishwi, na pengine ndiyo maana ni rahisi mno kuisingizia.