Neno Lililoniponza Mwaloni

Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala fupi kuhusu mama lishe mmoja wa Kirumba Mwaloni, pale soko la samaki na dagaa jijini Mwanza. Mama huyo alikuwa na foleni. Wenzake kushoto na kulia walipika ugali uleule, sato walewale, mchuzi uleule wa nyanya, lakini wabeba mizigo walikuwa wanasimama kwake wakisubiri sahani zioshwe, huku mabenchi ya jirani yako wazi. Nikitaka kueleza kitu hicho, neno lililonijia kwanza lilikuwa la Kiingereza, "charm". Ndivyo tulivyo sisi tuliosomeshwa kwa lugha ile, kichwa kinafikiri huku mkono unaandika kule. Nikalitafutia la Kiswahili, nikaandika kwamba mama huyu ana mvuto wa ajabu, wateja hawamwachi.

Siku ya tatu akanipigia simu.

"Mwanangu, umeniandikia nini?"

Nikadhani anashukuru. Kumbe kijana mmoja alikuwa amelisoma gazeti kwa sauti pale jikoni kwake, na majirani wakaangua kicheko: haya, sasa hata gazeti limesema! Limesema nini? Kwamba ana samba.

Kwa msomaji asiyetoka kanda ya ziwa, samba hapa si ngoma ya Brazil. Ni neno la Kisukuma linalotaja dawa ya kuvuta watu, iwe wateja, wapenzi au umati. Mtu anaichanjia, anaioga, au anaiweka mahali pa biashara. Ukisema fulani ana samba unaweza kuwa unamsifu, kama mnapendana na mnacheka. Lakini ukiyasema hayo kwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye pesa kuliko majirani zake, katika mkoa ambao wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, si sifa tena. Yule mama alilijua hilo. Mimi niliyezaliwa Mwanza nililijua pia, ila nilikuwa nimelisahau nilipokuwa nafikiri kwa Kiingereza.

Nilipoanza kulifuatilia neno lenyewe nikagundua jambo la kuchekesha. Kiingereza nacho kilianzia palepale kwa mganga. "Charm" liliingia huko kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililitoa kwenye Kilatini, "carmen", yaani wimbo, au maneno ya kuimba yenye nguvu. Kwa karne kadhaa Mwingereza akilitamka alimaanisha maneno ya uganga. Baadaye likaitwa hivyo hata kile kitu kinachovaliwa, hirizi. Ni kuanzia mwishoni mwa karne ya 16 ndipo likaanza kutumika kwa mtu anayependeza bila kuvaa chochote. Na si neno hilo peke yake. "Glamour", ambalo leo tunaliona kwenye magazeti ya mitindo, ni sarufi iliyoharibika matamshi huko Uskoti: mtu aliyejua kusoma na kuandika alidhaniwa anajua na uchawi, na neno la elimu likageuka neno la kiinimacho. Waandishi wenzangu, tuliwahi kuogopwa.

Shakespeare aliishi wakati neno lile linahama nyumba, na tamthilia yake ya Othello, ya mwanzoni mwa karne ya 17, imesimama juu ya uhamaji huo. Baba yake Desdemona hawezi kuelewa binti yake amempendea nini mtu mweusi, kwa hiyo anapeleka mashtaka mbele ya wakubwa wa Venice: huyu amemlisha mwanangu dawa, amemroga. Othello anajitetea kwamba alichofanya ni kusimulia habari za maisha yake, binti akasikiliza, basi. Mahakama inacheka kidogo na kumwachia. Lakini baadaye, Othello huyohuyo anamwambia mkewe kuwa ile leso aliyompa ina uganga ndani yake, mama yake alipewa na mwanamke wa Misri ili asiachwe na mume. Nilipoisoma chuoni nilifundishwa kwamba leso ni ishara ya wivu. Sawa. Ila mtu wa Mwaloni akiisoma ataona kesi ya samba tangu ukurasa wa kwanza, na atauliza swali ambalo mhadhiri wangu hakuuliza: kwa nini mgeni akipendwa lazima awe na dawa?

Nyumbani, mahali pa kulisikia neno samba bila aibu ni Bujora, Kisesa, ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma. Pale Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alianzisha kituo cha utamaduni wa Kisukuma katika miaka ya 1950, chenye makumbusho na kanisa lililojengwa kwa alama za utemi. Kila mwaka karibu na sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni, kunakuwa na mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo. Vikundi vinatoka katika pande mbili za kale, Bagika na Bagalu, ambazo masimulizi yanasema zilianzishwa na waganga wawili wacheza ngoma wa karne ya 19, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai dawa yake ndiyo kali.

Sheria ya mashindano ya jadi ni rahisi na haina huruma. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wako huru. Wanakwenda wanakotaka, wanahama, wanarudi. Mwenye umati mkubwa ameshinda. Hakuna majaji wa kuinua vibao. Kwa hiyo ningi, yaani kiongozi wa kikundi, anakuja na vyote: nyimbo mpya za kuchoma, vituko, majembe ya bugobogobo yanayorushwa hewani, chatu shingoni kwa wale wa ngoma ya nyoka, na samba. Ukimuuliza umati umevutwa na wimbo au na dawa, anakuangalia kama mtu aliyeuliza ugali umeshibisha kwa unga au kwa maji. Hapo ndipo lile neno la Kilatini lingejisikia nyumbani kabisa.

Mimi binafsi napenda kwamba samba ya uwanjani ilikuwa kitu cha hadharani. Kila mtu alijua wote wanayo, na aliyeshindwa alirudi mwakani na nyimbo bora. Kilichofuata ufukweni ni tofauti. Sangara, aliyepandikizwa ziwani enzi za ukoloni, alizaa uchumi mpya kuanzia miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vikaja Mwanza, dhahabu ikachimbwa Geita, na watu wakatajirika kwa namna ambayo jirani hakuweza kuieleza. Mvuto ukawa wa mtu mmoja mmoja, wa siri, na wa kununuliwa. Tunajua ulikofika. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 watu wenye ualbino wakaanza kuuawa kanda ya ziwa, viungo vyao vikiuzwa kwa wanaotaka utajiri na bahati. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, wakati huo akiwa BBC, alijifanya mteja akaenda kwa waganga kurekodi, na baada ya hapo akalazimika kujificha kwa vitisho. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo, huko Kahama, watu watatu walihukumiwa kunyongwa kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina yake.

Sisemi mizizi ya ningi wa Kisesa ndiyo iliyozaa mapanga yale. Ningi angenipiga, na angekuwa na haki. Nasema tu kwamba baada ya miaka ile, mwandishi hawezi kulibeba neno mvuto Mwanza kama analibeba Dar es Salaam.

Ningeandika nini basi? Haiba? Lile ni la Kiarabu, na huko lina hofu ndani yake, ile heshima ya kumwona mkubwa ukanyamaza. Linamfaa hakimu au mtemi. Mama lishe mwenye haiba wabeba mizigo wangemkimbia. Nyota? Ana nyota kali, nyota yake inang'aa... lakini nyota nazo siku hizi zinasafishwa kwa malipo, na kuna wanaolalamika zimeibwa. Bashasha linakaribia, ila hilo ni la uso tu, na yule mama si mcheshi kihivyo. Kusema kweli ni mkali.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nikamsalimu, "Mwangaluka, mayu," akaitikia bila kuniangalia, akaendelea kupakua. Nikakaa benchini. Akaja kijana wa kubeba magunia ya dagaa, hakusema neno. Akapewa ugali mkubwa, mchuzi bila pilipili. Akaja mwingine, akapewa kichwa cha sato na ndimu mbili. Wa tatu alikuwa mzee, samaki wake akaletwa ametolewa miiba. Hakuna aliyeagiza. Nilihesabu watu kumi na mmoja namna hiyo kabla hajanigeukia.

"Wewe unakula nini? Wewe sikujui."

Nikamwambia nataka kuandika marekebisho gazetini, aniambie niseme nini.

"Sema chakula changu kitamu. Mvuto waachie hao wa ngoma."

Niliyaandika hivyohivyo. Mhariri akayakata, akasema hayana mvuto.