Fedha na Majengo katika Kuungana kwa Vyuo vya Afrika ya Mashariki

Vyuo viwili vinapotaka kuwa kimoja, wakubwa husema habari za umoja na maendeleo, lakini walimu na watumishi huuliza maswali mawili tu: fedha zitatoka wapi, na kila mtu atafanya kazi yake katika jengo gani? Wako wanaoyadharau maswali hayo wakidhani ni ya watu wanaopenda nafsi zao kuliko elimu. Historia ya vyuo vya Afrika ya Mashariki yatuonyesha kwamba sivyo. Mara nyingi maswali hayo mawili ndiyo yaliyoamua kama muungano utadumu au utavunjika.

Tuanze na Nairobi. Katika mwaka wa 1947 Serikali ya Kenya iliazimia kujenga chuo cha ufundi na biashara. Miaka miwili baadaye shauri hilo likapanuliwa, ikakusudiwa kwamba chuo kitumikie Afrika ya Mashariki yote. Hati ya Kifalme ilitolewa Septemba 1951, na jiwe la msingi likawekwa Aprili 1952. Wakati huo huo Wahindi wa nchi hizi walikuwa wakichanga fedha ili wajenge chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, aliyeuawa Januari 1948. Wao walitaka masomo ya fasihi, sayansi na biashara. Basi mji mmoja ulikuwa karibu kupata vyuo viwili, kimoja cha serikali na kimoja cha chama cha raia, na vyote viwili vikitafuta walimu na fedha katika nchi zisizo na wingi wa vitu hivyo.

Aprili 1954 pande hizo mbili zikapatana, na chuo cha Gandhi kikaingizwa katika Chuo cha Kifalme cha Ufundi. Yafaa tukumbuke ulikuwa wakati gani. Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952, na mwezi ule ule wa Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzunguka mji wa Nairobi na kuwakamata Waafrika kwa maelfu. Shule za nchi ziligawanywa kwa rangi. Katika mji huo palikubaliwa kujenga chuo cha watu wa rangi zote.

Tazama sasa jinsi jengo lilivyofanya kazi ya mkataba. Aliyechanga shilingi zake kwa ajili ya jina la Gandhi alikuwa na haki ya kuuliza kama fedha hizo zitapotea katika mfuko mkubwa wa serikali. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jibu lake lilitolewa kwa mawe: sehemu ya majengo ya chuo iliitwa kwa jina la Gandhi, na ilifunguliwa Julai 1956 na Dk. S. Radhakrishnan, aliyekuwa Makamu wa Rais wa India. Masomo waliyoyataka wachangaji nayo yakapata mahali pamoja na ufundi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wamekwisha kuingia mwezi wa Aprili mwaka huo. Chuo kimebadili jina mara kadhaa tangu hapo, lakini jina la Gandhi halikufutwa ukutani.

Mwaka wa 1961 chuo hicho kilipandishwa daraja kuwa Chuo Kikuu kishiriki. Heshima ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na gharama yake. Mafunzo ya ufundi yasiyofikia digrii hayakuwa na nafasi tena mahali pale, yakahamia Politekniki ya Kenya iliyofunguliwa mwaka huo huo. Kwa mwalimu wa karakana kupanda huko kwa daraja kulikuwa na maana nyingine kabisa: mashine zake, benchi zake na wanafunzi wake vilipaswa kutafutiwa paa jingine.

Muungano mkubwa zaidi ulikuja Juni 1963, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilipofanywa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki, Mkuu wake akiwa Julius Nyerere. Hesabu yake ilikuwa ya busara. Masomo yenye gharama nyingi yasijengewe majengo matatu: utabibu uwe Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam. Lakini vyuo vyenyewe havikuwa sawa. Makerere ilianza mwaka wa 1922, ilhali Dar es Salaam ilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, ikahamia Mlimani mwaka wa 1964. Tena serikali zilikuwa tatu, na kila moja ilitaka kuona madaktari na wahandisi wakitoka katika ardhi yake. Nairobi ikafungua kitivo cha utabibu mwaka wa 1967, Dar es Salaam mwaka wa 1968. Kila jengo jipya lilikuwa ufa katika muungano. Mwaka wa 1970 vyuo vitatu vikaachana, kila kimoja kikawa Chuo Kikuu cha nchi yake.

Wataalamu wa Kiswahili wasidhani kwamba habari hizi ni za wengine. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka wa 1930 ilihamahama kutoka Dar es Salaam hata Nairobi, Kampala na Mombasa, na mafaili yake pamoja nayo, kabla ya kuingizwa mwaka wa 1964 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa Chuo cha Uchunguzi. Mwaka wa 2009 uchunguzi huo uliunganishwa na Idara ya Kiswahili, ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kazi ya kamusi yataka miaka mingi na chumba kisichohamishwa. Kazi ya kufundisha yataka madarasa kila muhula. Mfuko ukiwa mmoja, sauti ya darasa hupenda kushinda, kwa sababu wanafunzi wako mlangoni na kamusi haina mdomo.

Kwa hiyo yawapasa wanaounganisha vyuo kuandika mapema mambo matatu: mfuko wa kila kazi, jengo la kila kazi, na haki ya waliochanga. Nairobi ya 1954 iliyaandika, hata kwa mawe, na kazi yake imebaki. Chuo Kikuu cha 1963 kiligawanya masomo vizuri, lakini hakikuwa na mfuko wenye nguvu kuliko mifuko ya serikali tatu. Mwalimu aulizaye habari za paa na mshahara asinyamazishwe. Huenda yeye ndiye aliyeuona ufa kwanza.