Giaboksi ya otomatiki yenye swichi za usukani katika ubadilishaji wa injini
Swichi za gia zilizo nyuma ya usukani hazigusi gia zenyewe. Hupeleka ishara kwa kompyuta ya giaboksi, nayo hukataa amri itakayozidisha mizunguko ya injini. Kwa hiyo gari linapowekewa injini nyingine, usumbufu mkubwa huwa kwenye nyaya: kompyuta hiyo hutaka kujua mizunguko ya injini na jinsi pedali ya mafuta ilivyokanyagwa. Nafuu ni kutoa injini, giaboksi, kompyuta na nyaya zake kwenye gari moja. Kipoza mafuta ya giaboksi kisisahauliwe. Mjini Kigali, penye vilima kotekote, dereva wa mtaa wa Kabeza atazifaidi swichi hizo hasa mteremkoni, akishikilia gia nzito ili injini isaidie breki.