Fahamu Kanuni za Rali: Hata Bingwa Hupaswa Kupunguza Mwendo Igawa

Igawa, katika Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, ni mji mdogo ulio mahali ambapo Barabara Kuu ya TANZAM inavuka Mto Mbarali. Hapo hupita mabasi ya Dar es Salaam na Mbeya, malori ya mizigo yanayokwenda na kutoka Tunduma, pikipiki, bajaji na watembea kwa miguu. Ni pia mwanzo wa sehemu ya kilomita 218, kutoka Igawa kupitia Mbeya hadi Tunduma, ambayo Serikali imepanga kuipanua.

Katika mji wa barabarani wa aina hii, mazungumzo kuhusu magari hayakosi wachangiaji. Mbio za magari nazo zina mashabiki wake Nyanda za Juu Kusini. Mkoani Iringa kumewahi kufanyika rali yenye jina la Mkwawa, na televisheni huwaletea wananchi mashindano ya dunia yanayofanyika Kenya, Ulaya na kwingineko. Baada ya kila shindano huzuka mjadala: timu gani ni bora, nani amependelewa na nani ameibiwa ushindi.

Mjadala huo huwa na maana pale wanaojadiliana wanapozifahamu kanuni. Makala haya yanaeleza namna ushindani wa haki unavyolindwa katika mbio za magari, na kwa nini kanuni hizo zinamhusu pia abiria na dereva anayepita Igawa.

Aina mbili za mbio

Mbio za magari zinazojulikana zaidi ni za aina mbili. Ya kwanza ni mbio za mzunguko, kama Formula 1, ambapo magari huanza pamoja katika njia maalumu na anayemaliza wa kwanza ndiye mshindi. Ya pili ni rali, ambapo magari huondoka moja baada ya jingine na kila gari hushindana na saa. Ndani ya gari la rali huwa na watu wawili: dereva, na msoma ramani anayemweleza kona na hatari zilizo mbele.

Mashindano yote mawili husimamiwa kimataifa na Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA). Hapa nchini, Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, ndilo lenye dhamana ya kusimamia maendeleo ya michezo.

Rali iliyounganisha nchi tatu

Rali yenye historia kubwa zaidi Afrika Mashariki ni Safari. Ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waandaaji walikabiliwa na swali ambalo mashabiki wanaliuliza hadi leo: gari la bei kubwa litashindanaje kwa haki na gari la bei ndogo? Jibu lao lilikuwa kuyagawa magari katika madaraja kwa kufuata bei yaliyouzwa madukani. Mwenye gari la kawaida akapata nafasi ya kushindana na wenzake wa uwezo wake.

Tanzania ina sehemu yake katika historia hiyo. Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda Safari mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, akiwa na msoma ramani Chris Rothwell katika gari aina ya Peugeot 404. Ugumu wa shindano hilo ulionekana tena mwaka 1968: magari 93 yalianza, na ni saba tu yaliyomaliza. Kuanzia mwaka 1974 njia ya Safari ilibaki ndani ya Kenya.

Mwaka 1973 Safari ilitoa funzo jingine. Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na alama za adhabu zinazolingana. Mehta alitangazwa mshindi kwa kutumia utaratibu wa kuamua sare. Uamuzi wa namna hiyo hukubalika kwa sababu moja kuu: kigezo hakitungwi baada ya kumjua nani atanufaika nacho.

Pale haki ilipotiliwa shaka

Ushindani wa timu hauishii kwa madereva. Watengenezaji wa magari hutumia fedha nyingi, na kishawishi cha kuvunja kanuni huongezeka. Mwaka 1995, katika rali ya Catalunya nchini Hispania, wakaguzi waligundua kuwa magari ya timu ya Toyota yalikuwa na kifaa kisichoruhusiwa. Kanuni zilitaka turbo iwekewe kizuizi cha kupunguza hewa inayoingia kwenye injini, ili nguvu za magari zisipishane mno. Kizuizi cha timu hiyo kilitengenezwa kwa ustadi kiasi kwamba kilipofungwa kilipitisha hewa ya ziada, na kilipofunguliwa kukaguliwa kilionekana kiko sawa.

FIA iliifutia timu hiyo alama zote za msimu na kuifungia kwa miezi 12. Madereva nao walipoteza alama zao. Toyota ilirudi baadaye, na Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Sébastien Ogier aliishinda akiwa na gari la kampuni hiyo. Mwaka 2022 magari manne ya kwanza yote yalikuwa Toyota. Shabiki anayependa timu hiyo ana haki ya kujivunia ushindi huo, na anayeipinga ana haki ya kukumbusha ya mwaka 1995. Yote mawili ni kweli, na ukaguzi ndio unaotenganisha ushindi halali na ule wa hila.

Wakati mwingine lawama humwangukia msimamizi. Tarehe 12 Desemba 2021, huko Abu Dhabi, Lewis Hamilton wa Mercedes na Max Verstappen wa Red Bull waliingia shindano la mwisho la Formula 1 wakiwa na alama sawa. Ajali ilipotokea mizunguko michache kabla ya mwisho, gari la usalama liliingia njiani. Msimamizi wa shindano aliruhusu magari matano tu yaliyokuwa kati ya wapinzani hao yapite mbele, badala ya yote yaliyokuwa nyuma kwa mzunguko mzima, kisha akaruhusu mashindano yaendelee kwa mzunguko mmoja uliobaki. Verstappen, aliyekuwa na matairi mapya, alimpita Hamilton na kuwa bingwa wa dunia.

Rufaa za awali za Mercedes zilikataliwa. Uchunguzi wa FIA ulieleza baadaye kuwa kulikuwa na kosa la kibinadamu, lakini matokeo yalibaki halali. Msimamizi aliondolewa katika nafasi hiyo, na maneno ya kanuni yakarekebishwa ili yasiwe na tafsiri mbili. Funzo lake ni kwamba kanuni isiyoeleweka humwonea hata aliyeshinda, kwa kuwa ushindi wake hubaki ukibishaniwa.

Kuwahi kunaadhibiwa kuliko kuchelewa

Ipo kanuni moja ya rali ambayo watazamaji wengi hawaifahamu. Njia ya rali imegawanyika sehemu mbili. Kwenye sehemu za mashindano barabara hufungwa, na dereva hukimbia kadiri awezavyo. Kwenye sehemu za kuunganisha barabara hubaki wazi kwa wananchi wote, na dereva wa rali hulazimika kufuata sheria za usalama barabarani za nchi husika. Anayezivunja huweza kutozwa faini, na akirudia huweza kuongezewa muda au kuondolewa mashindanoni.

Zaidi ya hapo, kila gari hupangiwa dakika ya kufika katika kituo cha ukaguzi wa muda. Kwa kanuni za kimataifa, gari likichelewa huongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Likiwahi, huongezewa sekunde 60 kwa kila dakika. Kuwahi kunaadhibiwa mara sita zaidi ya kuchelewa, hivyo dereva anayekimbia kwenye barabara ya wananchi hapati faida yoyote.

Kwa maana hiyo, hata bingwa wa dunia akipita Igawa akielekea kituo chake, atapaswa kwenda kilomita 50 kwa saa katika eneo la makazi, kama dereva mwingine yeyote. Wahenga walisema, kawia ufike. Wasimamizi wa rali wameigeuza hekima hiyo kuwa sekunde.

Barabara kuu si uwanja wa mashindano

Kwenye TANZAM kuna ushindani wa aina nyingine, nao hauna kanuni wala mshindi. Ni pale dereva wa basi anapokataa kupitwa na basi la kampuni nyingine, huku baadhi ya abiria wakimhimiza aongeze mwendo. Barabara haijafungwa, hakuna msoma ramani, dereva hana kofia ngumu, na mwanafunzi anayevuka hakuambiwa kuwa kuna mbio.

Sheria ya Usalama Barabarani inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na magari makubwa nje ya maeneo hayo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hufuatilia mwendo wa mabasi kwa mfumo wa kielektroniki. Abiria anayeona mwendo wa hatari anayo haki ya kumtaka dereva apunguze, na anaweza kutoa taarifa kwa Jeshi la Polisi kwa kupiga simu namba 112.

Wananchi wanaokwenda kutazama rali wanapaswa kukaa nyuma ya utepe, kuepuka upande wa nje wa kona, kuwashika watoto na mifugo, na kutii maelekezo ya waongozaji hadi barabara itakapotangazwa kuwa wazi. Gari moja likipita, jingine liko njiani. Ukimya wa dakika mbili si ishara kwamba mashindano yamekwisha.