Jicho la Angani Rufiji

Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji. Mikoko na mikono ya mto iliilinda kwa miezi. Julai 1915, ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zilielekeza kwa redio mizinga ya meli Severn na Mersey. Tarehe 11 Königsberg ikaharibiwa vibaya, na mabaharia wake wakamalizia kuizamisha wenyewe.

Ninaposoma tukio hili kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili, humwaza mtu aliyekuwa chini ya ndege zile: mkata boriti, mvuvi, mkulima wa mpunga. Jicho la angani liliitafuta meli, si yeye.

Leo setilaiti hupiga picha za delta hiyohiyo, na akili unde hufundishwa kutenganisha mikoko na mashamba. Faida ipo: picha kama hizo huonyesha maji yalikofika, kama katika mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti. Lakini mikoko hii ni hifadhi, na kwenye picha jaruba la mpunga huonekana kama pengo msituni. Picha haisemi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 mto ulielekeza maji baridi zaidi kaskazini, na wakulima wakayafuata.

Mwaka 1915 aliyekuwa chini hakuulizwa. Safari hii aulizwe, kabla ramani haijawa amri.