Mlinzi wa Ahadi

Mtu anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba kule Marekani wapo watu wanaogombea, kwa kura za wananchi, kazi ya kusimamia kampuni za bima, aghalabu hudhani anataniwa. Walimu wanafunzi wangu wa chuoni walicheka nilipowaeleza. Mmoja aliuliza kama mgombea huyo naye hupanda jukwaani kuahidi maji na barabara. Nikamjibu kuwa maji na barabara haahidi, bali huahidi kupunguza bei ya bima ya gari. Lakini jukwaani hupanda, mabango hubandika, na michango ya kampeni huomba kama mgombea mwingine yeyote. Majimbo 11 hufanya hivyo, yakiwemo California, Georgia, Louisiana, Kansas na Washington. Kwingineko kamishna huteuliwa, mara nyingi na gavana.

Kwa nini jimbo na si nchi nzima? Mwaka 1869 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hati ya bima si bidhaa inayosafiri baina ya majimbo, kwa hiyo haikuwa juu ya serikali ya Washington kuisimamia. Mwaka 1944 mahakama hiyo hiyo ikageuza kauli. Majimbo na kampuni zikapiga kelele, na mwaka 1945 Bunge lao likapitisha sheria ya kuyarudishia majimbo kazi hiyo. Basi kila jimbo likabaki na kamishna wake, na kila jimbo likaamua lenyewe namna ya kumpata.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Habari za Marekani hazinivutii sana, lakini swali lililomo ndani yake ni letu pia hapa Mpanda: nani amsimamie yule anayeshika fedha zetu za siku ya shida, na huyo msimamizi amjibu nani?

Bima ya kwanza ambayo mtu wa kwetu huijua haina hati wala muhuri. Ni chama cha kufa na kuzikana. Watu wa mtaa mmoja, au waliotoka kijiji kimoja, huchanga kila mwezi, nao humchagua mweka hazina kwa kunyoosha mikono. Ana daftari. Ukifiwa, sanda, jeneza na unga wa wafiwa hufika kabla jua halijazama. Mweka hazina akiwa ametafuna hela, hakuna haja ya kumwita mkaguzi, maana msiba wenyewe ndio ukaguzi wa hesabu. Watu watakuja, watatazama, na wataona kilichokosekana. Hapo uchaguzi una maana kamili, kwa sababu wapiga kura wanamjua mtu, wanalijua daftari, na wanakaa naye kisima kimoja.

Bima ya kampuni ni ahadi ya namna nyingine. Fedha unazilipa Mpanda leo, na ahadi hutimizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000, siku usiyoijua, na watu usiowajua. Huna daftari la kulitazama. Huwezi kujua kama kampuni iliyokupa stika ina fedha za kukulipa au ina ofisi nzuri tu. Ndiyo maana tangu karne ya 19 serikali mbalimbali ziliona haja ya kumweka mtu wa kulitazama daftari hilo kwa niaba ya wote. Jimbo la New Hampshire lilifanya hivyo mwaka 1851.

Sisi tulichelewa, na namna tulivyochelewa ni historia yenyewe. Wakati wa Waingereza, bima ilikuwa shughuli ya kampuni za nje, hasa za Uingereza na India, na ya mawakala wao mijini. Mwaka 1963 likaanzishwa Shirika la Bima la Taifa. Lilipokuja Azimio la Arusha, Februari 1967, biashara ya bima ya Tanzania Bara ikatiwa yote mikononi mwa shirika hilo; Zanzibar nayo ikaunda shirika lake mwaka 1969. Hoja ya wakati ule haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Fedha za bima ni akiba kubwa, na nchi changa haiwezi kukaa ikitazama akiba ya watu wake ikienda kuwekezwa London na Bombay. Mimi niliiunga mkono hoja hiyo na naiunga mkono mpaka leo.

Lakini kwa karibu miaka 30 lilikuwapo pengo ambalo halikuzungumzwa. Muuzaji wa bima alikuwa ni umma wenyewe, hivyo msimamizi hakuonekana kuwa wa lazima. Nani amsimamie nani? Refa na mchezaji walivaa jezi moja. Faida yake ni kwamba hakuna kampuni ambayo ingeweza kuamka asubuhi imefunga milango na kutoroka na fedha za watu, kwa sababu serikali ilisimama nyuma ya ahadi. Hasara yake ni kwamba mwenye shauri na shirika hakuwa na mlango wa pili wa kubisha, ila mahakama, na mahakama ni safari ndefu kwa mtu wa Mpanda.

Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ndiyo iliyofungua milango kwa kampuni binafsi, nazo zikaanza kupewa leseni mwaka 1998. Ikaundwa idara ya usimamizi wa bima na kamishna wake. Halafu sheria namba 10 ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, na ikaweka pia ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima, ambako mwenye malalamiko anaweza kupeleka shauri lake bila kwanza kutafuta wakili. Kamishna wetu hupatikana kwa kuteuliwa, na hakuna aliyewahi kumpigia kura. Je, tumepunjwa?

Kwa swali hilo nakwenda Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani ambako kamishna wa bima huchaguliwa. Sherman Bernard alishika kazi hiyo tangu mwaka 1972 hadi 1988. Akashindwa na Douglas Green, kijana ambaye wapiga kura hawakumfahamu sana, lakini kampeni yake haikukosa fedha. Zilitoka wapi? Sehemu kubwa, zaidi ya dola milioni 2, zilitoka kwa wenye kampuni moja ya bima za magari iliyoitwa Champion. Green akashinda, akaingia ofisini, na kampuni iliyompandisha ikawa miongoni mwa zile alizotakiwa kuzichungulia hesabu. Mwaka 1989 Champion ikaanguka. Madereva waliokuwa wamelipa wakajikuta wameshika karatasi. Mwaka 1991 Green alipatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Miaka miwili baadaye Bernard naye, yule aliyemtangulia, alikiri makosa ya kupokea fedha za kampeni ili atoe leseni. Aliyemfuata Green, Jim Brown, alipatikana na hatia mwaka 2000 ya kuwadanganya wapelelezi wa serikali kuu, akafungwa miezi 6. Makamishna watatu mfululizo, wote wamechaguliwa na wananchi, wote wameingia gerezani.

Msomaji anaweza kusema Louisiana ina sifa zake. Basi twende California. Huko wananchi wenyewe ndio waliodai haki ya kumchagua kamishna, katika kura ya maoni ya Novemba 1988, huku kampuni za bima zikitumia zaidi ya dola milioni 60 kuipinga. Wananchi walishinda, jambo ambalo lilinifurahisha niliposoma habari zake. Kamishna wa kwanza kuchaguliwa, John Garamendi, aliingia ofisini mwaka 1991. Wa pili, Chuck Quackenbush, alichaguliwa mwaka 1994, mwaka ule ule wa tetemeko la ardhi la Northridge lililobomoa nyumba nyingi upande wa Los Angeles. Wenye nyumba walilalamika kwamba kampuni ziliwapunja fidia. Kamishna, badala ya kuzitoza kampuni hizo faini kubwa, alikubaliana nazo zichangie mifuko iliyoanzishwa na ofisi yake, na sehemu ya fedha hizo ikalipia matangazo ya televisheni yaliyoonyesha sura yake mwenyewe. Alijiuzulu mwaka 2000 kabla Bunge la jimbo halijamtoa.

Wizi upo kila mahali na si wizi ulionishughulisha zaidi. Kilichonishughulisha ni ahadi ya yule mgombea, hata akiwa mwaminifu kama malaika. Huahidi kushusha bei. Atasema nini kingine? Wanaomsikiliza wote wanalipia bima mwaka huu, wala hakuna kati yao anayejua kama yeye ndiye atakayegongwa mwaka kesho. Lakini kazi ya kwanza ya kamishna ni kuzuia bei isiyoweza kulipa. Kampuni inayouza rahisi kupita kiasi hupata wateja haraka, hukusanya fedha haraka, na siku madai yanapoanza kuja, sanduku ni tupu. Kamishna mwema atalazimika siku moja kusema: bima hii ni rahisi mno, naifungia kampuni hii. Sijui mgombea atakayeshangiliwa kwa kusema hivyo. Mpiga kura ni mlipaji wa leo, na mjane wa ajali ya kesho hajajua bado kwamba ni mjane. Hawezi kuja mkutanoni.

Hapo ndipo ningeweza kuweka kalamu chini na kusifu uteuzi, kama si jirani zetu. Kenya kamishna wa bima hapigiwi kura. Hata hivyo shirika la taifa la bima la huko lilifilisika mwaka 1996, United Insurance ikawekwa chini ya msimamizi maalumu mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Hizi mbili za mwisho ziliwakatia bima matatu nyingi. Abiria aliyevunjika mguu na tayari ana hukumu ya mahakama mkononi alikuta hana wa kumdai, au alimgeukia mwenye matatu, naye akashangaa kudaiwa wakati alilipa bima yake yote. Mteule huogopa pia, ila waoga wake ni wengine: wizara, na wakubwa wenye hisa katika kampuni. Mgombea huwaogopa wapiga kura mara moja kila miaka 4, na wachangiaji wake kila siku.

Mkulima wa tumbaku wa Katavi haoni ajabu yoyote katika haya, kwa sababu ushirika ulimfundisha zamani. Viongozi wa ushirika walichaguliwa na wanachama, lakini tume iliyochunguza vyama mwaka 1966 ilikuta wizi na viongozi waliowapita wanachama wao kimo. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu, ikaweka mamlaka za mazao zenye viongozi wa kuteuliwa. Mkulima hakuona nafuu, akaona kwamba sasa hata ule mkutano wa kugombezana na kiongozi haupo. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama. Leo uchaguzi upo, na juu yake yupo mrajisi wa kuteuliwa anayekagua vitabu. Mpango huu nauona una busara kuliko mingi: walio karibu wachague, na aliye mbali akague, na hesabu zisomwe mbele ya wenye fedha, kwa sauti, kwenye mkutano mkuu.

Kusomwa kwa sauti ndiko kunakokosekana katika bima. TIRA hutoa taarifa ya soko kila mwaka, na miaka ya karibuni stika za magari zimekuwa za kielektroniki, mtu anaweza kuhakiki kwa simu kama stika ni ya kweli. Hiyo ni hatua kubwa kwa abiria wa basi na wa bodaboda. Lakini stika ya kweli huthibitisha tu kwamba bima ilikatwa. Kama kampuni italipa, na imewalipa wangapi kati ya waliodai mwaka jana, hilo mwenye pikipiki wa Mpanda hana pa kulisikia.

Kwa hiyo sidai kura. Ningependa tu kamishna, huyu huyu wa kuteuliwa, apangiwe kusimama mara moja kwa mwaka katika kila mkoa kama vile anaomba kura. Aje viwanja vya Kashaulili saa 10 jioni, watu wametoka kazini. Kijana wa bodaboda amuulize tofauti ya bima ndogo na bima kubwa, na abiria wake aliyevunjika aanzie ofisi gani. Mkulima amuulize mvua ya mawe ikishaangusha tumbaku, nani anakuja kupima hasara, na baada ya siku ngapi. Mama mwenye duka lililoungua amuulize kampuni ipi imekataa madai mengi kuliko nyingine, ataje jina. Kisha na mimi ninyooshe mkono. Tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nitamwonyesha hati ya bima ya nyumba, kurasa zake za maandishi madogo, zote za Kiingereza, nimwombe anisomee ile sehemu inayosema ni lini hawatalipa.